Kumrudia Mungu ni Kurudisha cha Mtu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Ijumaa mchana, katika mji wowote mkubwa wa nchi yetu, misikiti hujaa hadi watu wakatandika mikeka nje. Jumapili asubuhi makanisa nayo hufurika, ibada ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Usiku wa kuamkia sikukuu watu hukesha wakiomba. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu, na mimi si miongoni mwa wale wanaowacheka waumini kwa wingi wao.

Lakini ikifika Jumatatu asubuhi, watu hao hao, nami nikiwamo, tunakutana sokoni, kituoni, dukani na kwenye kaunta za ofisi. Na hapo kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa wasiwasi. Mnunuzi anakodolea macho mshale wa mizani. Abiria anaidai chenji yake kabla hajaketi. Mgonjwa anaigeuza chupa ya dawa kutafuta tarehe, kisha anajiuliza kama tarehe yenyewe ni ya kweli. Mwenye shida ofisini anaambiwa faili lake halionekani, naye anajua vizuri kwamba faili halijapotea. Linasubiri kitu kidogo.

Basi swali langu la leo ni hili. Ikiwa sote tulikuwa mbele ya Mungu Ijumaa au Jumapili, anayetupunja Jumatatu ni nani?

Kila mara nchi inapopatwa na tabu, husikika sauti ikisema, "Turudi kwa Mungu." Tunaisikia kwenye mahubiri, kwenye mawaidha ya Ramadhani, kwenye mikutano ya hadhara, hata kwenye maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala. Ni sauti njema. Lakini mara nyingi tunaielewa kwamba turudi kwenye jengo: tusali zaidi, tufunge zaidi, tuimbe zaidi, tutoe zaidi. Leo nataka tuangalie upande mwingine wa neno hilo. Kurudi na kurudisha ni maneno ya shina moja, na nadhani lugha yetu imetupa hapo fundisho la bure. Huwezi kumrudia Mungu huku umeshikilia cha mtu mkononi.

Dini zinasemaje

Tuanze na mafundisho ya dini zenyewe, maana wengine hudhani kwamba habari ya vipimo na fedha ni ya serikali, na dini ni ya roho tu.

Wanazuoni wa Kiislamu wanafundisha kwamba toba ina masharti. Kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Hayo ni matatu. Lakini dhambi ikiwa imegusa haki ya mtu mwingine, linaongezwa la nne: kumrudishia mtu huyo haki yake, au kumwomba akusamehe. Bila hilo la nne, toba imechechemea. Tena sura ya 83 ya Qurani imepewa jina kwa ajili ya watu wanaopunja vipimo, wale ambao wakijipimia hutaka kijae, na wakiwapimia wenzao hupunguza.

Katika Torati, mtu aliyemdhulumu jirani yake aliamriwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na hayo ayafanye siku ile ile anayoleta sadaka yake. Wayahudi wana Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kuomba rehema, na walimu wao wa kale walifundisha kwamba siku hiyo haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka kwanza amtulize huyo mwenzake. Naye Yesu alifundisha kwamba mtu aliyefika madhabahuni na zawadi yake, akakumbuka kwamba nduguye ana neno naye, aiache zawadi pale pale, akapatane na nduguye kwanza.

Angalieni jinsi mafundisho hayo yanavyokubaliana. Njia ya kwenda kwa Mungu inapita mlangoni kwa jirani.

Yupo nabii Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, aliyeishi karne ya nane kabla ya Kristo. Aliwasema wafanyabiashara wa siku zake kwamba walikuwa wakiishika siku ya Sabato, ndiyo, lakini mioyoni wakiuliza itakwisha lini wakafungue maghala, wapunguze kipimo, waongeze bei na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Watu hao hawakuacha ibada. Walihudhuria. Tatizo lilikuwa kwamba ibada ilikuwa inawachelewesha wasiende kuiba.

Yupo pia Nabii Shuaibu, aliyetumwa kwa watu wa Madiani. Qurani inaeleza kwamba aliwaita wamwabudu Mungu mmoja, na neno lililofuata mara moja lilikuwa kwamba wasipunguze vipimo na mizani. Nao wakamjibu kwa dhihaka, wakimuuliza kama sala yake ndiyo inayomwamuru awazuie wasifanye wapendavyo katika mali zao. Swali hilo lina umri mkubwa, lakini bado lipo mjini. Tunapenda shehe au mchungaji atuombee. Akianza kuuliza fedha tumezipataje, tunasema ameingilia mambo yasiyomhusu.

Na kuna Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Siku alipotubu hakusema atasali mara ngapi. Alisimama, akazungumza habari za mali: nusu kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu aliposema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Gramu hamsini tu

Sasa tuteremke sokoni. Mbinu nyingi mnazijua kuliko mimi. Kuna kopo lililobonyezwa kitako. Kuna sado iliyowekewa kitu chini ili ijae haraka. Kuna jiwe la mizani lililotobolewa. Kuna maziwa yaliyotiwa maji na asali iliyotiwa sukari. Na kuna lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka mdomo ukashindwa kufunga, kisha likashonewa wavu juu na kujazwa tena.

Mwenye kufanya haya hujitetea kwamba ni kidogo. Ni gramu hamsini tu, nani atakufa kwa gramu hamsini? Basi tufanye hesabu. Muuza duka anayeuza kilo 40 za mchele kwa siku, akipunguza gramu 50 katika kila kilo, amebakiza kilo mbili. Kwa siku 300 za kazi ni kilo 600. Hayo ni magunia sita ya kilo mia mia, yametoka kwenye sufuria za watu ambao wengi wao hununua nusu kilo. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa wakituhimiza kuweka akiba, lakini kibaba kinaweza kujazwa kwa njia hiyo hiyo kutoka kwa wenzetu.

Kwenye lumbesa hesabu ni kubwa zaidi. Sheria ya nchi inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima akilazimishwa kujaza kilo 130 kwa bei ya gunia moja, kila akiuza magunia kumi ametoa kilo 300 bure, yaani jasho la magunia matatu. Na gunia hilo likifika mjini, kuna kijana anayelibeba mgongoni kulipeleka stoo, naye analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Basi dhuluma ile ile imewapiga watu wawili, mmoja shambani na mwingine sokoni, nao hawajuani.

Jambo hili la mizani si dogo hata katika historia ya nchi yetu. Katika Jimbo la Ziwa, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba walikuwa na kilio kimoja kikubwa: wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Wakaanza kuweka watu wao waliojua kusoma na kuhesabu, wasimame kwenye vituo vya kununulia na kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation uliokuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya wakulima katika Afrika. Chanzo kimojawapo cha nguvu yote hiyo kilikuwa swali la mkulima mmoja mmoja aliyeuliza, kwa nini mzigo wangu nyumbani ni mzito, na hapa ni mwepesi?

Lakini historia haikuishia hapo. Baadaye vyama hivyo hivyo viliingiwa na wapunjaji wa kwao, watoto wa wakulima wale wale, na malalamiko ya wizi na uendeshaji mbaya yakawa mengi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa baada ya sheria mpya ya mwaka 1982. Nataka tuyaone mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu ni rahisi kusema dhuluma ni ya mgeni. Mizani haijui kabila. Inamtii anayeishika.

Mjomba wangu

Hapa, ndugu msikilizaji, inanibidi nitoe ushuhuda unaonihusu.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi kimoja cha pamba, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa mtu wa ibada, hakunywa pombe, na kijijini aliheshimiwa. Mbinu yake ilikuwa nyepesi. Mzigo ukipandishwa, alisoma mizani kwa sauti, lakini alipunguza kilo moja au mbili katika kile alichosoma. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuruhusiwa kusogea karibu. Kilo zilizobaki aliziandikia stakabadhi kwa jina la mkulima asiyekuwapo, na malipo akayachukua yeye.

Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari ya serikali, ya bweni, mbali na nyumbani. Karo haikuwapo miaka ile, lakini ilihitajika nauli ya treni, sanduku la bati, blanketi, viatu na madaftari. Baba yangu hakuwa na uwezo huo. Mjomba alinunua vyote. Nilikuwa kijana wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka darasa la saba, na kila mtu alimsifu mjomba kwa ukarimu wake.

Miaka ya 1990, akiwa amekwisha staafu na anaugua, aliniita. Akaniambia kwamba hapati usingizi. Alisema anaposujudu na kufumba macho, anauona mshale wa ile mizani. Alikuwa ameuza ng'ombe saba na kiwanja kidogo, na amekaa siku nyingi akiandika kwenye daftari majina ya kaya alizozikumbuka. Aliniomba nimsindikize kijijini, nimbebee mfuko.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane, mzee kuliko yeye. Mjomba alipomaliza kueleza, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karani, mimi nilijua tangu msimu ule ule. Mzigo niliubeba mwenyewe kichwani, nitashindwaje kuujua uzito wake? Nilikuwa nangoja mtu aje aseme."

Mjomba akampa fedha. Yule mama akaita mjukuu wake aje ahesabu. Wakazungumza, wakakumbuka misimu, wakakumbuka bei. Kisha mama akatoa noti kadhaa, akazirudisha mkononi mwa mjomba. "Hizi zimezidi," alisema. "Changu ni hiki, hizi si zangu."

Sijawahi kusikia hotuba iliyonifundisha uaminifu kuliko maneno yale. Mtu aliyeibiwa kwa miaka, analipwa, na hakubali kilichozidi.

Si kila mlango ulikuwa hivyo. Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani na kufunga mlango, wala hakutoka tena. Alikuwa na haki hiyo. Wengine walikuwa wamekufa, tukawalipa watoto wao. Wengine walihama, hatukuwapata. Fedha iliyobaki mjomba aliwakabidhi wazee wa kijiji, zikatengenezwa madawati ya shule. Hakutaka jina lake liandikwe, akisema kwamba ukirudisha cha watu usijiite mfadhili.

Na mimi je? Siku ile nilibeba mfuko nikanyamaza. Sikumwambia yule mama kwamba sanduku langu la bati lilitoka kwenye pamba yake. Niliona haya. Miaka mingine ikapita, na nilipopata ujasiri wa kurudi niseme, alikuwa amekwisha fariki dunia. Nilimweleza mwanawe, akanishukuru kwa kuja. Lakini niliyepaswa kumwambia hakuwapo. Ndiyo maana leo naongea habari hii hadharani. Si kila anayefaidi dhuluma ameshika mizani kwa mkono wake. Wengine tumesomeshwa nayo, tumejengewa nyumba nayo, tumelishwa nayo tukiwa wadogo, na tunapaswa kujua.

Uadilifu si woga

Wako watakaosema dawa ya haya ni sheria kali. Sheria ni lazima, sikatai. Tuna Wakala wa Vipimo, tuna chombo cha kupambana na rushwa, tuna mahakama. Lakini tukumbuke mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Bidhaa zilikuwa adimu, nyingine zimefichwa ziuzwe kwa bei ya kuruka. Msako ulipoanza, mali zilizofichwa zilitupwa usiku, nyingine vichakani, nyingine majini. Waliotupa waliogopa kukamatwa. Hawakumrudishia mtu kitu. Sukari iliyotupwa baharini haikumfikia mama aliyekuwa akipanga foleni tangu alfajiri.

Hiyo ndiyo tofauti ya woga na uadilifu. Mwoga hutupa ili asionekane nacho. Mwadilifu hurudisha hata kama hakuna aliyemwona.

Wengine husema mshahara hautoshi. Neno hili lina uzito wake, na hata Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyochunguza kero ya rushwa mwaka 1996, ilitofautisha mtumishi mdogo anayepokea kwa sababu ya ufukara na mkubwa anayepokea kwa tamaa. Tofauti hiyo ni ya haki. Lakini mgonjwa aliyedaiwa fedha mapokezini hawezi kuila tofauti hiyo. Yeye naye mshahara haumtoshi, au hana kabisa.

Na tusidhani kwamba udanganyifu ni wa sokoni na mapokezini tu. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulitaja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Cheti ni kipimo pia. Kinasema mtu huyu ana uzito huu. Mtu akikighushi, amepunja kila atakayemhudumia, na amemnyima nafasi kijana mwingine aliyesoma kwa haki.

Jirani usiyemjua

Kwa nini dini zinaunganisha uaminifu na upendo wa jirani? Kwa sababu dhuluma haikai pale ilipotendwa. Inasafiri.

Miaka ya nyuma tulikuwa na tatizo la wafanyabiashara kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli na petroli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta ili yatambulike. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa sana, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na kuchanganya kusiwe na faida. Nani aliyelipa? Ni mama aliyepikia jiko la mchina katika chumba cha kupanga, na mwanafunzi wa kijijini aliyesomea koroboi. Aliyechanganya mafuta hakuwahi kuwaona watu hao. Nao walimlipia.

Wakati mwingine malipo ni maisha. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Makadirio ya waliokufa yanapita 800, na idadi yao kamili haijulikani mpaka leo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa abiria 101 kilipinduka karibu na Ukara katika ziwa hilo hilo, na miili zaidi ya 220 ikaopolewa. Chombo cha majini nacho kina kipimo. Tunapokizidisha, awe anayepakia, anayekagua, au sisi abiria tunaobembeleza tupandishwe hivyo hivyo, tunafanya lumbesa ya watu.

Tuanzie wapi

Basi, ndugu msikilizaji, tufanyeje? Sitaki tuishie kwenye kulalamika. Kila mtu ana daftari lake moyoni.

Kama unamjua uliyemdhulumu na bado yu hai, nenda wewe. Usimtume mtu, usipeleke zawadi ya sikukuu ukidhani imelipa. Sema ulichofanya kwa jina lake, kisha rudisha. Dawa ya deni ni kulipa. Kama amekufa, wapo watoto wake.

Kama huna uwezo wa kulipa kwa mara moja, lipa kidogo kidogo, lakini sema. Yule mama alingoja neno kabla ya kungoja fedha.

Kama uliowapunja ni umati usioweza kuwajua, kama vile wateja wa miaka mingi, viongozi wa dini hufundisha kwamba mali hiyo itolewe kwa wenye shida, kwa niaba ya wenyewe. Lakini usiilete mbele ya waumini ukapigiwa makofi. Na kama ulichukua cha umma, kipo kwa umma: shule, zahanati na hazina ya serikali vinapokea.

Mwenye duka, leo jioni ukifunga, pima jiwe lako la mizani. Mwajiri wa nyumbani, yule binti anayelea watoto wako ana miezi mingapi hajalipwa? Mwenye nyumba, ile kodi uliyochukua kwa wapangaji wawili kwa chumba kimoja umeirudisha? Kondakta, yule mwanafunzi uliyemwambia chenji baadaye alishuka bila chenji.

Na wewe uliyedhulumiwa, akija mtu kukuomba radhi, huna lazima ya kucheka naye siku hiyo hiyo. Lakini ukiweza, mfungulie mlango. Safari aliyokuja nayo ni ndefu kuliko unavyoiona.

Mjomba wangu alifariki mwaka mmoja baada ya safari ile. Hakuwa tajiri tena. Ng'ombe wake walikuwa wameisha. Lakini mkewe alituambia kwamba katika miezi yake ya mwisho alikuwa akilala usiku kucha.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.